Manowari Yangu, Chombo cha Mama

Kama umetoka hospitali na karatasi yenye tarehe za dripu, na hujui uifiche pochini au uibandike ukutani, nimekuandikia wewe. Yangu niliiweka ndani ya msahafu wa mama. Mama akaitoa, akaiweka chini ya godoro, akasema Mungu anaijua habari yangu bila kuoneshwa karatasi. Mambo ya dawa na namna zinavyofanya kazi muulize daktari. Mimi ni fundi simu, na nitakueleza yaliyonipata mimi na vidole vyangu.

Naitwa Mwanaidi. Kariakoo wananiita Fundi Mwana. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa na meza kwenye ghorofa moja la simu Mtaa wa Aggrey, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume wanaobishana kuhusu mpira toka asubuhi. Skrubu ya simu ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Nilikuwa siziangalii. Nilizipapasa kwa ncha ya kidole, nikaziokota, huku naongea na mteja. Nakuambia haya ili ujue nilikuwa na nini kabla ya kukipoteza.

Saratani yangu ilikuwa ya utumbo mpana. Februari, kwenye joto lile, walinipasua, wakakata kipande, wakaunga. Masika ilipoanza nikaanza dripu: kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili, damu ikikubali. Mama yangu alipanda basi kutoka Lindi, akaiacha mikorosho yake, akaja kuniuguza. Tunaishi vyumba viwili, mimi na mume wangu, Baba Asha. Asha mwenyewe yuko shule ya bweni. Mkwe na mama mkwe ndani ya vyumba viwili, utajua mwenyewe. Baba Asha alianza kula kwa mama ntilie kwa sababu ya heshima, na mama akaamini anasusa chakula chake.

Siku ya dripu ya kwanza nesi aliniambia nisinywe kitu cha baridi, nisishike kitu cha baridi, na nikija tena nije na glavu. Nikamwona ananitania. Glavu, Dar es Salaam? Nilipofika nyumbani nikafungua friji kuchukua juisi ya ukwaju. Chupa ilinirusha mkono, nikadhani nimeshika waya wa umeme. Maji ya bomba yalinichoma vidole, na nilipoyanywa koo lilikaza nikaona nakufa palepale jikoni. Kuanzia siku ile mama alinichemshia kila kitu. Maji ya kunywa, ya kuoga, hata yale ya kunawa kabla ya kula. Nikipita Kariakoo na kumwona muuza maji ana ndoo ya barafu, navuka barabara.

Kule kwenye benchi la kusubiri watu hawaulizani ugonjwa. Wanaulizana, "Wa ngapi?" yaani mzunguko wa ngapi wa dripu. Unajibu, "Wa tatu," na mwenzako anaitikia, "Tupo pamoja." Ukitaka kwenda kupima damu unaacha khanga yako kwenye benchi, na hakuna anayekaa juu ya khanga ya mwenzake. Watu hulala wakiwa wamekaa. Kuna nesi mmoja alikuwa akinikanda mkono kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka mshipa utokeze, wala hakuwahi kunichoma mara mbili. Mshike mtu wa namna hiyo, ujue siku zake za zamu.

Wa nne, khanga moja ya njano ilikuwa imekunjwa mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Niliijua. Ni ya mama mmoja aliyekuwa akinigawia karanga. Wa tano nilipofika, khanga ilikuwa palepale, na watu wamebanana upande mwingine. Nilielewa. Nikakaa nilipopata nafasi, nikatoa glavu zangu, nikasubiri kuitwa. Sikusikia huzuni wala woga. Kama na wewe itakufika hivyo, usijione una roho mbaya.

Baada ya dripu ya tano ganzi ikahamia moja kwa moja. Mwanzoni ilikuwa inakuja na kuondoka. Sasa ikakaa, kwenye vidole vyote kumi vya mikono na nyayo zote mbili. Kucha zikawa nyeusi. Nilinunua rangi ya kucha ya kijivu kuzificha, nikaziharibu zote kwa sababu sikujua brashi imegusa wapi. Siku moja nilivuka Mtaa wa Msimbazi na kiatu kimoja. Mbeba mizigo mmoja alinipigia kelele, "Dada! Ndala yako imebaki huku!" Nikatazama chini, kweli, mguu mtupu kwenye lami ya saa saba mchana. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Nilichokiogopa hakikuwa kufa. Kufa kulikuwa mbali, ng'ambo ya dripu saba. Nilichokiogopa ni kutorudi mezani kwangu. Fundi simu asiyehisi skrubu ni mtazamaji tu.

Wa sita, nikiwa kwenye benchi, mteja wangu wa siku nyingi akanipigia. "Fundi, mbona mezani kwako kakaa jamaa mwingine? Umehama?"

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Baba Asha. "Meza yangu umeitoa?"

"Nimeiazimisha."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi mmoja anatoka Mbagala. Mwanaidi, kifungo cha blauzi huwezi kufunga."

Yeye huniita Mama Asha. Jina langu hulitoa kwenye misiba na kwenye mikataba. Nilipaswa kulia au kurusha kitu. Nikamwambia, "Sawa," nikaingia kulala. Alibaki amesimama sebuleni, nadhani alikuwa anasubiri ugomvi, na nilimnyima hata huo.

Wiki iliyofuata akaja na boksi. Baba Asha anauza vichezeo vya watoto kwa jumla, Mtaa wa Congo. Katika mzigo wake wa kutoka China kulikuwa na katoni moja ambayo hakuiagiza. Kila boksi lina picha ya meli ya vita ya kijivu, mizinga juu, mawimbi chini. Aliuza tatu, zikarudi zote tatu. Wateja walifungua wakakuta vipande vitupu vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki. "Bosi, meli yako imevunjika," wakamwambia. Hakuna mtu Kariakoo aliyewahi kusikia mtoto ananunuliwa kitu cha kuunda mwenyewe.

"Kimeo hiki," akasema, akakiweka kitandani. "Wewe si fundi? Kichezee."

Neno hilo "kichezee" lilinikaa vibaya. Lakini alipotoka nikalifungua boksi. Vipande vilikuwa kama mia tatu, na maelekezo ya Kichina yenye picha na namba. Kipande namba thelathini na saba kilikuwa mlingoti wa antena, mwembamba kama mguu wa mbu. Nikajiwekea sharti na sikumwambia mtu. Siku nitakayokisimamisha kile kipande juu ya manowari yangu bila kukivunja, nitakwenda Aggrey kudai meza. Nikishindwa, nitagawa vifaa vyangu, nikae nyumbani kama wanavyotaka.

Nilikata vipande kwa kikata kucha. Nilishika kwa kibano changu cha simu nilichokizungushia utepe ili kisiteleze. Nilitandika khanga kutoka mezani mpaka mapajani, kwa sababu kila nilichoshika kilianguka, na ningekitafuta sakafuni mpaka mwaka uishe. Gundi ilinikaukia vidoleni bila mimi kujua. Siku moja nilikaa na mzinga umenigandia kwenye kidole gumba mpaka nesi aliponiuliza ni nini hiki. Nikamjibu, "Mzinga," naye akaandika kitu kwenye faili langu.

Halafu nikagundua kwamba mdomo haukufa ganzi. Kipande kikiwa na mkwaruzo, nilikipitisha kwenye mdomo wa chini, nikaujua. Jicho likapima, mdomo ukahakiki, sikio likasikiliza kipande kinapoingia tundu lake. Vidole vilibaki vya kubebea tu. Kwa siku nilibandika vipande viwili, vitatu. Wiki ya dripu sikubandika kitu, nililala na ndoo pembeni. Rangi nilipaka ileile ya kucha, manowari na mimi tukawa rangi moja.

Mama alinitazama siku nne, akipepeta mchele. Siku ya tano akauliza, "Chombo hiki kaagiza nani?"

"Kaleta Baba Asha."

Ungo ukasimama. "Mkwe wangu? Peke yake?"

"Peke yake. Kimetoka China."

"Siku hizi vinatoka China," mama akasema taratibu, akaendelea kupepeta.

Jioni ile Baba Asha alipita kubadilisha shati, mama akamwita kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Akampakulia wali, na kichwa kizima cha samaki aina ya changu, ambacho kwetu ni cha mtu anayeheshimiwa. Toka siku hiyo akawa anakula nyumbani. Aliniuliza chumbani, "Mama yako kanipa kichwa tena leo. Nimefanya nini?" Sikujua. Nilifurahi kwamba nyumba imepoa, au nilijua kwamba ningepaswa kufurahi.

Mama alizoea kuuliza maendeleo. "Chombo kimefika wapi?" Kwenye mizinga, mama. "Na hapa tumboni patafungwa lini?" Kesho, mama, nikiamka na nguvu. Kesho yake nilikuta sitaha, ule ubao wa juu, imeshalazwa juu ya tumbo la meli. "Nimekufunikia, vumbi lisiingie," akasema. Nikamshukuru, nikapaka gundi pembeni pande zote, nikafunga.

Dripu ya kumi na mbili ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Hakukuwa na sherehe. Nesi wangu alinikanda mkono kwa mara ya mwisho, akasema, "Tusionane tena hapa, sawa? Tukutane sokoni." Nilitembea Upanga mpaka kituoni nikiwa na glavu zangu mfukoni. Nilitarajia ganzi nayo ingeondoka na dripu. Ikazidi. Daktari alisema inaweza kwenda polepole, na inaweza isiende yote. Nakuambia mapema usije ukajiona umerogwa.

Kipande namba thelathini na saba nilikiogopa mpaka Januari. Mara ya kwanza kiliangukia khangani. Mara ya pili kilikwama kwenye utepe wa kibano. Mara ya tatu nilipiga chafya. Mara ya nne nilikishusha nikiwa nimeshika pumzi, nikakiacha, kikasimama. Nikatazama antena yangu. Imenyooka. Nikasubiri furaha, haikuja, na nikaelewa kwa nini. Nilikuwa nimeona kwa jicho tu. Kidole hakikuniambia kitu, na sharti langu lilikuwa la kidole. Ningekwenda Aggrey kufanya nini?

Kisha nikafanya ambacho kila fundi simu hufanya kabla ya kumrudishia mteja simu yake. Nikainua manowari sikioni, nikaitikisa. Fundi anasikiliza kama kuna skrubu imebaki ndani. Ndani kukalia, kacha kacha.

"Kuna kitu kimeachia humu," nikasema, nikachukua bisibisi nibandue sitaha.

"Usifungue!" Mama alidondosha mwiko. Sikuwahi kumwona akikimbia. Akashika mkono wangu na bisibisi yake. "Mwanaidi, usifungue. Utakirudisha."

"Nitakirudisha nini?"

Akakaa kitini. Ndipo siri ikatoka. Kwao, upande wa bibi yangu, ugonjwa mkubwa ulikuwa unatengenezewa chombo kidogo. Mgonjwa anakiunda mwenyewe au anaundiwa, ndani kinawekwa kitu chake, kinapelekwa majini, kinaondoka na shida. Mama ni mtu wa swala tano na anajua ustadhi wake angesema nini. Lakini alipoona mkwe wake ameleta chombo kwenye boksi, na mimi nakiunda kipande kwa kipande nikiwa na dripu, alidhani Baba Asha amekwenda kwa mganga wa mjini na tumeona haya kumwambia. Akaongezea la kwake. Ndani ya manowari yangu mlikuwa na nywele zangu kutoka kwenye kitana, punje za mchele, na kile kitepe cha hospitali chenye jina langu walichonivisha mkononi siku ya kupasuliwa.

"Wewe unachomwa dripu," akasema. "Mimi nachemsha maji. Siku zote nachemsha maji tu. Na mimi nilitaka nifanye kitu."

Nilijua hayo ni maneno ya kumliza mtu. Nikamwambia, "Mama, hiki ni kichezeo. Kimeo cha Baba Asha. Na sikipeleki popote. Ndiyo kazi yangu pekee ya mwaka huu." Nikaiweka juu ya friji.

Mama akaokota mwiko wake. Siku ya pili akatamka kwamba haondoki Dar kabla ya chombo. Hakunisihi wala kugomba. Alikaa tu. Mikorosho ya Lindi ikasubiri, Baba Asha akaendelea kupewa kichwa cha samaki, na kila nikifungua friji nilimwona mama anatazama juu yake.

Machi nikapigwa picha ya tumbo. Daktari alisema ni safi, turudie baada ya miezi kadhaa. Nikasema, "Sawa, asante." Kwenye korido Baba Asha aliegemea ukuta akalia kwa sauti, mtu mzima na kofia yake, mpaka nesi akamletea kiti. Mimi nilimshikia kofia. Niliitazama ile kofia mkononi mwangu, nikashindwa kujua kama ni ya kitambaa au ya uzi.

Aprili mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Jangwani kukajaa, barabara ikafungwa, watu wakasimama kingo zote mbili kutazama maji. Asubuhi ya siku ya nne mvua ilikatika. Mama alikuwa ameshavaa, amejifunga khanga mbili, anatazama juu ya friji. Alikuwa amekonda. Nilimtazama nikaona kwamba na yeye amekaa kwenye benchi mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza wa ngapi. Nikaishusha manowari.

"Aliyeagiza lazima awepo," mama akasema.

Kwa hiyo Baba Asha akafunga duka, akaja na mwavuli, na njiani ndipo nilipomweleza kwamba, kwa hesabu ya mama, yeye alikwenda kwa mganga. Alisimama katikati ya watu. "Mimi? Kwa mganga? Kumbe vile vichwa vyote vya samaki…"

"Kula unyamaze," nikamwambia.

Tulishuka mpaka pale lami inapoingia majini, mahali pa kina cha goti, maji ya kahawia yakipita na chupa na maganda ya machungwa. Daktari angenisikia angenichapa. Mama akasoma dua yake kwa midomo tu. Nikainama, nikaiweka manowari. Ilielea kiasi cha mtu kusema bismillahi. Kisha ikalala ubavu, maji yakaingia, antena namba thelathini na saba ikapita ya mwisho, ikazama. Miezi saba ya kazi. Nikatumbukiza mkono kuiwahi, mpaka kiwikoni, nikapapasa, sikuikuta.

"Imepokelewa," mama akasema, amefumba macho.

Mkono wangu ulikuwa bado majini. Kuna kitu kilikuwa kinatokea kwenye vidole na ilinichukua muda kukijua. Haikuwa miiba wala umeme. Haikuwa ganzi.

"Mama," nikasema. "Maji ya baridi."

"Tokeni humo, mtapata maradhi!" Baba Asha alipiga kelele kutoka juu.

Mama alifumbua macho. Mwaka mzima hakuniacha niguse hata kikombe kabla yeye hajakigusa. Nilipouvuta mkono, akaukamata kwenye kifundo.

"Ingiza tena," akasema.

Nikaingiza. Baridi ilianza kwenye ncha za vidole, hafifu, ikapanda kwenye kiganja. Kidole cha shahada kikagusa kitu kidogo chini kwenye mchanga, nikakipapasa bila kukiona: kokoto, yenye pembe tatu. Hapo ndipo nilipolia, kilio cha toka Februari ya mwaka uliopita, kwa sauti, mbele ya watu wa Jangwani wote.

"Baba Asha," nikamwita nilipoweza. "Kamwambie yule jamaa wa Mbagala, Jumatatu naitaka meza yangu."